Supu Niliyompelekea Rusanka

Kifuniko kililia tak, sauti ndogo tu, nami nikatulia jikoni nisikilize kama Yoana ameamka. Hakuamka. Nje kulikuwa bado na giza. Nilikuwa nimeamka na hamu ya kitu kitamu, na chupa ile ya tini ilikuwa imekaa kabatini wiki nzima, imefunikwa kitambaa cha maua na kufungwa uzi mwekundu. Nilifungua uzi, nikavua kitambaa, nikafungua kifuniko, yote hayo bila miwani. Nikala tini moja, kisha ya pili. Ndipo vidole vyangu vikahisi karatasi iliyobandikwa juu ya kifuniko.

Nilienda kuchukua miwani.

Karatasi ilisema: "Tini mbichi, mwezi wa sita, mwaka huu." Na chini yake: "Stoyna, ile supu uliyoniletea ilikuwa ya nini?"

Mwandiko ule ningeutambua popote. Rusanka na mimi tulikaa bega kwa bega miaka kumi na tisa katika kiwanda cha mashati, na yeye ndiye aliyekuwa akiandika vipimo kwenye vitambaa kwa chaki, herufi zimelalia kulia kana kwamba upepo unazipiga. Lakini Rusanka alikuwa amekufa miaka miwili iliyopita. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiwaambia watu hivyo kila Jumamosi tangu mwezi wa nne.

Niliketi kwenye kiti kidogo karibu na jiko. Mkono wangu bado ulikuwa umeshika kijiko.

Lazima nieleze, ingawa sipendi kueleza. Mjukuu wangu Yoana hutembeza wageni kwa miguu katika mji wetu wa Plovdiv. Wenzake huwapeleka kwenye uwanja wa Warumi na nyumba za matajiri wa zamani, basi. Yoana alitaka awape kitu ambacho wengine hawana, akaniomba niende naye niwaonyeshe vichochoro ambako watu wanaanika shuka. Mimi nasema kwa Kibulgaria, yeye anatafsiri. Wageni walinipenda. Mwisho wa matembezi tulikuwa tunasimama kwenye lango la buluu la nyumba ya Rusanka, katika kichochoro kilicho nyuma ya kilima, pasipopita mtu, na hapo nilikuwa nawasimulia habari za Rusanka.

Niliwaambia jinsi alivyokuwa akiimba kiwandani mpaka mashine zikaonekana zinamfuata. Hiyo ni kweli. Niliwaambia kwamba alinishonea gauni la harusi kwa usiku tatu na hakutaka asante. Hiyo pia ni kweli. Kisha nikawaambia kwamba alipougua nilikuwa nampelekea supu kila siku, na kwamba alikufa nimemshika mkono.

Hiyo si kweli.

Ukweli ni kwamba mumewe, Todor, aliugua majira yote ya baridi, na mimi nilikuwa nikisema nitaenda kesho. Nilikuwa naogopa nyumba yenye mgonjwa, basi, sina sababu nyingine. Alipokufa Todor nilikuwa kwa binti yangu mjini Burgas, na sikurudi kwa mazishi. Baada ya hapo niliona haya kukutana na Rusanka. Nikienda sokoni nilizunguka kwa njia ya chini, ndefu, yenye ngazi nyingi, ili nisipite langoni kwake. Miaka ikapita hivyo. Siku moja ya masika nilisahau nikapita njia ya juu, na kutoka pembeni, mbali, nikaona langoni utepe mweusi, na chini yake tangazo la msiba lenye picha ya mwanamke wa uso wa mviringo, mwenye kitambaa cheupe kichwani. Sikwenda kulisoma. Zilikuwa hatua thelathini tu. Nilifanya ishara ya msalaba, nikasema Mungu amsamehe Rusanka, nikageuka. Na kwa kuwa nimeshaanza nitamaliza: nililia, lakini ndani ya kile kilio kulikuwa na nafuu. Sasa sikuwa tena na mtu wa kumwomba radhi.

Tulipoanza matembezi na Yoana, mvua ilikuwa imeshalifuta tangazo. Ilibaki karatasi ya kijivu na pini nne.

Na zile tini. Tangu mwezi wa sita, kila Jumamosi tulikuta kwenye benchi la mawe kando ya lango sahani ya tini zilizopikwa kwa sukari, vijiko vilivyosuguliwa vikang'aa, na bilauri za maji zilizofunikwa kitambaa ili nyigu wasiingie. Kwetu mtu akitoa chakula nje hivyo, huwa anatoa kwa ajili ya marehemu, na anayekula hujibu kwa kumwombea. Nilidhani ni jirani mwenye moyo mwema. Basi niliwafundisha wageni kusema kwa lugha yetu, "Mungu amsamehe Rusanka," wakasema wote pamoja, midomo imejaa. Jumamosi iliyopita kando ya sahani kulikuwa pia na chupa iliyofungwa uzi mwekundu, nikaibeba nyumbani.

Na yeye alikuwa nyuma ya lango.

Yoana alipoamka alinikuta nimevaa koti.

"Bibi, bado saa mbili nzima. Umekula?"

"Nimekula tini."

"Tini si chakula. Kaa nikukaangie yai."

Alikaanga mayai mawili, akaweka jibini juu yake kama ninavyopenda, akanimegea upande wa mkate ulio laini kwa sababu ya meno yangu. Nilimtazama nikafikiri, mtoto huyu ananiamini. Amewatafsiria watu uongo wangu kwa lugha mbili.

Nilitaka kumwambia siku ile naumwa. Neno lilikuwa limefika mdomoni. Lakini niliona vizuri kwamba hivyo ndivyo nilivyofanya na Todor, kesho, kesho, na kwamba nisipokwenda leo nitaanza tena kuzunguka kwa njia ya chini, na kwa umri wangu zile ngazi zitaniua kabla ya aibu. Niliibandua ile karatasi kifunikoni, nikaitia mfukoni.

Wageni walikuwa watano siku hiyo. Tulikutana mbele ya msikiti kama kawaida, tukapanda. Gancho, mzee anayeuza picha zake za rangi kwenye ngazi, aliniona akainua kofia.

"Bibi Stoyna, leo uso kama umenyonya ndimu. Nani kakuudhi?"

"Mimi mwenyewe."

"Basi huyo mpige, mnaishi naye."

Yoana alicheka, akawatafsiria. Mimi nilipita tu. Mawe ya barabara yetu ni ya mviringo na yanateleza hata pakiwa pakavu. Mama mmoja Mjerumani, jina lake Hannelore, mwenyewe anachechemea kwa maumivu ya nyonga, alinipa mkono wake. Tulipanda hivyo, kila mmoja akidhani ndiye anayemsaidia mwenzake. Nilimshukuru moyoni. Pia niliona aibu, maana nilikuwa najua ninampeleka wapi.

Kuhusu uwanja wa Warumi nilisema maneno machache mno, Yoana akanitazama. Kwenye lango la ngome nilisahau mwaka. Chini ya nyumba zile ambazo ghorofa za juu zinainamiana mpaka majirani wanaweza kupeana chumvi dirishani, mgeni mmoja alinipiga picha akaniomba nicheke, nikajaribu.

"Bibi, tupumzike?" Yoana aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Hapana. Twende kwa Rusanka."

Tuliteremka nyuma ya kilima. Kelele za mikahawa zilikatika kama mtu amefunga dirisha. Shuka zilikuwa kwenye kamba, paka wa chungwa alikuwa amelala juu ya ukuta, na pale kwenye benchi la mawe ilikuwapo sahani, vijiko sita, bilauri sita chini ya kitambaa. Huwa anahesabu sauti zetu tukiteremka, nikafikiri. Kila wiki vijiko vilitosha. Sikuwahi kujiuliza jirani alijuaje.

Kisha nikaona kwamba tuko saba pamoja na Yoana na mimi. Kijiko kimoja kilipungua. Nilijua ni cha nani.

Wageni walijipanga. Hannelore alinikalisha ukingoni mwa benchi. Nikasema:

"Huyu Rusanka ninayetaka kuwasimulia, sikumpelekea supu."

Yoana alifungua mdomo atafsiri, akaufunga. "Bibi, unasema nini?"

"Tafsiri, mjukuu wangu. Kama nilivyosema."

"Lakini kila wiki..."

"Kila wiki nilidanganya. Tafsiri."

Alitafsiri. Sauti yake ilikuwa ndogo. Nikaendelea, nikiangalia mikono yangu, kwa sababu sikuweza kuangalia lango. Nilisema kwamba sikumshika mkono. Kwamba mumewe alipougua niliahidi kwenda na sikwenda. Kwamba niliona tangazo la msiba nikashindwa kutembea hatua thelathini kulisoma, kwa kuwa ilinifaa aliyekufa awe yeye.

Kutoka nyuma ya lango sauti ikasema, "Ongea kwa nguvu kidogo. Huku nyuma hatusikii."

Mgeni mmoja aliruka. Komeo likasogea, lango likafunguka kidogo, likakwama kwenye jiwe kama lilivyokuwa likikwama tangu zamani, likasukumwa kwa goti. Rusanka alikuwa amevaa aproni, amekuwa mdogo kwa kimo, nywele nyeupe tupu. Alikuwa ameshika kijiko cha saba.

"Umenenepa," akaniambia.

"Na wewe..." nikaanza.

"Na mimi nimekufa. Najua. Nasikia habari zangu kila Jumamosi." Akamgeukia Yoana. "Wewe ndiye mjukuu. Una sauti nzuri, mwanangu. Lakini wale Wafaransa wa mwezi wa saba walivunja bilauri yangu wakaficha vipande kwenye maua."

"Samahani, bibi," Yoana alisema, hajui aangalie wapi.

"Si wewe."

Nikamuuliza lile tangazo lilikuwa la nani. Alisema ni la dada yake Kera, aliyekuja kutoka kijijini kuishi naye baada ya Todor. Walifanana, hilo alikubali, ila Kera alikuwa na kidevu kikubwa. "Ungekuja ukasoma, ungejua. Ningekupa kahawa. Siku ile nilikuwa peke yangu mezani na ngano iliyochemshwa kwa ajili ya marehemu, ya kulisha watu thelathini, wakaja tisa."

Wageni walitazamana, kwa sababu Yoana alikuwa ameacha kutafsiri. Hannelore ndiye aliyeelewa bila lugha. Aliwavuta wenzake kwa upole wakaenda kumtazama yule paka.

"Mbona hukutoka?" nikamuuliza Rusanka. "Mwezi wa sita, ule mwanzo?"

"Nilitoka mpaka hapa. Mkono ulikuwa kwenye komeo. Lakini ulikuwa umefika kwenye gauni la harusi, nikasema acha amalize. Tangu Kera afe hakuna mtu aliyenitaja vizuri. Kisha ukaja kwenye supu." Alikaa kwenye benchi, mbali nami, sahani ya tini katikati. "Nikasema, ngoja nione atafika wapi. Ukafika mpaka kitandani. Ukasema maneno yangu ya mwisho yalikuwa 'asante, Stoyna'."

"Nilisema hivyo."

"Mimi, nikuambie wewe asante."

Nilijifuta macho kwa ukingo wa koti. Naye akaniacha nifute, hakuharakisha kunibembeleza, na nadhani hiyo ilikuwa haki yake.

"Todor alikuulizia," akasema baadaye. "Alhamisi moja alisikia mlango unagongwa, akajaribu kukaa. Akaniambia, nichane nywele, ni Stoyna huyo. Kumbe alikuwa mtu wa kusoma mita ya umeme."

Hilo ndilo lililonivunja. Niliinama pale kwenye benchi, mbele ya mjukuu wangu na watu wa mbali, na nikamwomba radhi. Sikusema mengi. Nilisema, "Nilikuwa mwoga, Rusanka, na baadaye nikawa mwongo." Yeye alitazama maua yake.

"Wajapani nao waliniombea," akasema. "Miezi hii yote, kila wiki, Mungu amsamehe Rusanka, Mungu amsamehe Rusanka. Sidhani nimebakiwa na dhambi hata moja. Zimebaki zako tu."

Yoana alicheka kwa pua, akajizuia. Rusanka alimtazama, na mdomo wake ukatikisika pembeni, kidogo sana. Kisha akatumbukiza kile kijiko cha saba katika sahani, akachagua tini kubwa, akanipa. Nilikula. Sikujua niseme nini, kwa kuwa maneno yanayosemwa hapo yanasemewa waliokufa.

"Sema kwa ajili ya Todor," akanisaidia.

"Mungu amsamehe Todor."

"Na Kera."

"Na Kera."

Wageni walirudi, wakala, wakanywa maji. Rusanka alihesabu bilauri zake kwa macho. Hannelore alimsaidia kupanga vijiko juu ya sahani, na Rusanka akambusu shavuni kana kwamba wamefahamiana miaka. Mimi hakunibusu. Aliingia, akalisukuma lango kwa goti, likakwama kwenye jiwe, likabaki nafasi ya mkono mmoja.

Nilikuwa nimeshageuka nikimshika Yoana bega, tuanze kuteremka, aliposema kupitia ile nafasi:

"Stoyna. Hujanijibu ilikuwa ya nini."

"Hakukuwa na supu, Rusanka."

"Nimesikia. Basi iwe ya kuku, na usitie pilipili, tumbo langu siku hizi halitaki. Njoo tena Jumatano. Peke yako. Na lango likikwama, usigeuke, sukuma."