Alama za Khadro Zilizovuka Daraja

Asubuhi moja ya mwaka wa themanini na tatu, jua likiwa bado halijapanda juu ya mapaa ya Shauri Moyo, Khadro alikuwa amechutama kwenye mfereji wa pamoja akisugua vidole vyake kwa jivu. Kabla ya jivu alikuwa amejaribu sabuni ya mche, na kabla ya sabuni, mchanga. Wino haukutoka. Ulikuwa wino mweusi wa serikali, aliopakwa vidole vyote kumi katika ofisi ya wageni huko mjini, na karani aliyempaka alimwambia utatoka wenyewe akishafika nyumbani. Jirani yake Nzilani, aliyekuwa akingoja zamu na ndoo yake, alimpa kitambaa kilicholoweshwa mafuta ya taa. Mafuta ya taa nayo yakashindwa. Nzilani akamwambia basi, anawe hivyo hivyo, maji yanakaribia kukatwa.

Khadro alikuwa fundi cherehani Gikomba. Kazi yake ilikuwa kupunguza suruali za Wazungu, zile zilizokuja kwa marobota, ziwatoshe watu wa Nairobi ambao hawakula kama Wazungu. Tangu siku ile ya ofisi, kila alichokigusa kilibaki na alama ya kidole, nyeusi, mistari yake yote ikisomeka. Kola za mashati zilikuwa nazo. Sufuria zilikuwa nazo, na chapati, na mashavu ya watoto wa majirani aliokuwa akiwabeba. Wateja walinung'unika siku chache, kisha wakaanza kumletea nguo za rangi ya kiza. Mwanamke mmoja wa Buruburu, mke wa mkubwa fulani serikalini, alidhani ni nakshi, akataka pazia zima lipigwe hivyo.

Hayo Khadro angeyavumilia. Alichoshindwa kukivumilia ni kukaa. Mama yake, Batulo, alikuwa mgonjwa Garissa, nyumbani kwa kaka yake Khadro, na ulikuwa ugonjwa wa kutorudi. Hilo hakuna aliyelificha. Ili ufike Garissa lazima uvuke daraja, na darajani palikuwa na kizuizi ambapo kila mwenye sura ya Kisomali aliulizwa kipande, yaani kitambulisho. Khadro hakuwa nacho. Alizaliwa ng'ambo ya mpaka, akaletwa Kenya na ndoa, na mumewe, Jama Wehliye, dereva wa lori, ndiye aliyekuwa akiulizwa na kujibu kwa niaba ya wote wawili. Jama alipofariki, alikwenda na majibu yake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Khadro alikuwa amelishika jembe miaka mingi, mpini umelainika mkononi, ila karatasi ya kusema kwamba yeye ni mgeni ndiyo hakuwa amepewa.

Kwa hiyo alifunga mfuko wa safari, akaufungua, akaufunga tena. Alianza kushona pindo la suruali akaliacha katikati, akatoka kutazama barabara ambayo haikuwa na kitu cha kutazamwa. Nzilani, ambaye meza yake ya mitumba ilikuwa ubavuni mwa cherehani, alimwambia akitembea hivyo atachimba mtaro.

Kila Alhamisi alikwenda ile ofisi ya wageni alikoomba kipande, akakaa kwenye benchi, akangoja kuitwa. Karani wa dirishani aliitwa Matheka, mtu mpole, mwenye miwani na sweta ya kufumwa. Alisoma majina bila haraka. Na kila Alhamisi, katikati ya majina hayo, aliita "Misis Wehliye," akatazama juu ya miwani, akaita tena, na hakuna aliyesimama. Khadro alimsikitikia bwana Wehliye huyo, kwa jinsi alivyooa mwanamke mzembe. Sisi wengine tunaiomba nafasi kama hiyo, alimwambia Nzilani, na huyo bibi anaitwa wiki baada ya wiki hata haji.

Nzilani alipochoka kuhadithiwa, alifunga biashara Alhamisi moja akamsindikiza. Jina likaitwa. Nzilani akamgusa begani.

"Si ni wewe wanaita?"

Khadro alikasirika. Wehliye alikuwa baba mkwe wake, mzee aliyezikwa zamani, na mke wake alijulikana. Kwao mwanamke haachi jina la baba yake kwa sababu ya kuolewa; alizaliwa Khadro Abdille na angezikwa Khadro Abdille. Kumwita mke wa Wehliye ilikuwa kumwoza kwa baba wa mumewe, na jambo hilo hata kwa mzaha halisemwi. Nzilani akamwambia aibu aiweke mfukoni kwanza. Yeye mwenyewe kanisani waliandika jina la mumewe mbele ya lake bila kumuuliza, na tangu hapo akaitika. Akamshika mkono, wakaenda dirishani.

Matheka alifurahi kumwona. Alisema amemwita mpaka koo limekauka. Kisha akatoa faili na kumwonyesha karatasi ya alama za vidole. Visanduku kumi vilikuwa vyeupe pe.

"Hii karatasi haina kitu, mama," akasema. "Tulikuwa tunakuita upige tena."

Khadro akamwonyesha vidole vyake, vyeusi kama vilivyokuwa siku ya kwanza. Akamwonyesha pia ukingo wa dirisha, ambao tayari ulikuwa na alama zake, na kikombe cha chai cha Matheka alichokuwa amekisogeza ili apate pa kuweka kiwiko. Matheka aliviona vyote. Akaeleza kwa upole kwamba dirisha na kikombe haviingii kwenye faili. Akatoa kibati cha wino, akambonyeza vidole kimoja kimoja, akaipuliza karatasi.

Wote watatu walikuwa wakiitazama alama zilipoanza kuondoka. Ya kidole cha mwisho ilitangulia, ikafifia pole pole kuanzia pembeni, kisha ya kidole cha pete, na za gumba zikafunga msafara. Karatasi ikabaki nyeupe.

"Zimeenda," Matheka akasema, akaandika hivyo kwenye faili. Aliwaambia hutokea kwa watu wenye mgonjwa mbali. Aliwahi kumhudumia mwalimu mmoja kutoka Uganda ambaye picha zake za pasipoti zilikuwa zikigeuka na kuonyesha kisogo. Khadro akauliza dawa yake ni nini. Dawa ni kungoja zirudi, Matheka alisema; faili bila alama haiwezi kwenda mbele, na kitambulisho bila faili hakiwezi kutoka. Subira huvuta heri. Nzilani akamjibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, naye Matheka hakulikana hilo. Alikubali kwa kichwa, akampa Khadro karatasi ya kungojea, akaita jina lililofuata.

Habari za zilikokwenda zililetwa na Yonis, dereva wa basi la Garissa, aliyezoea kupita Gikomba kununua mashati. Alisema aliziona kwanza kwenye kiti cha nyuma ya chake, kile cha dirishani, zimeshika chuma kama abiria mwoga. Kule Mwingi, walikosimama kula, zilikutwa kwenye glasi ya chai ambayo hakuna aliyeiagiza. Darajani askari waliziona zikipanda boriti ya kizuizi na kushuka upande wa pili, wakaziacha. Na nyumbani kwa kaka yake, Batulo aliamka akakuta nywele zake zimechanwa na kupakwa mafuta, na alama nyeusi kwenye kikombe cha maji kilichowekwa karibu na mkono wake wa kulia, ambao ndio bado ulikuwa na nguvu. Mgonjwa haoni vizuri, Yonis alisema, lakini alikipapasa kikombe kile akazijua alama kwa ncha za vidole.

"Amenituma kwako, abaayo, dada yangu," Yonis akasema. "Anasema, mwambieni Khadro mikono imefika. Sasa alete na uso."

Khadro aliinamia cherehani akalia, machozi yakidondokea suruali ya mtu. Hakujificha, na watu wa Gikomba hawakujifanya hawajamwona. Alipomaliza, alikwenda kuuchukua ule mfuko wa safari, ambao bahati nzuri siku hiyo ulikuwa umefungwa, akapanda basi la Yonis bila kipande.

Walifika darajani mchana, jua likiwa kali. Wenye vipande walivionyesha, na Khadro akateremshwa. Askari aliyemteremsha alikuwa kijana mwenye adabu. Alimshikia mfuko aliposhuka. Akamuuliza kipande kiko wapi, naye akaitoa karatasi ya kungojea aliyopewa na Matheka. Askari akaisoma yote, akamrudishia. Ile ilikuwa karatasi ya kungojea, akasema, kwa hiyo ilimpasa angojee.

Boriti ya kizuizi ilikuwa imejaa alama kutoka mwanzo hadi mwisho, za zamani zimekauka na za asubuhi ile bado mbichi. Khadro akaweka kidole gumba juu ya mojawapo. Kikakaa sawasawa.

"Hizi ni zangu," akasema.

Askari akainama akalinganisha, kwa uangalifu wa mtu aliyefunzwa kazi hiyo. "Ni zako, mama. Hizi zinapita hapa kila siku."

"Mbona zinapita?"

"Hazina sura. Mimi nimeambiwa nisimamishe watu."

Kutoka pale aliona mabati ya mji yaking'aa na moshi wa majiko ya mchana. Mmoja wa ile mioshi ulikuwa wa nyumbani kwa kaka yake, hakujua upi. Akamwomba askari ruhusa ya kuita. Askari akafikiri, akasema hakuna amri kuhusu sauti. Basi Khadro akasimama kando ya boriti akamwita mama yake mara nyingi, mpaka sauti ikamkauka. Mto ulikuwa umejaa na ulikuwa na kelele zake. Yonis alimngoja kadiri alivyoweza, kisha abiria wakaanza kupiga ubavu wa basi, naye akavuka. Jioni askari walimtafutia Khadro nafasi kwenye lori la mbuzi waliokuwa wakipelekwa kuchinjwa Nairobi. Mbuzi wote walikuwa na kibali.

Baada ya hapo hakuweza hata kule kutembeatembea. Aliketi mbele ya cherehani mguu ukiwa juu ya kanyagio, ukikanyaga bila kitambaa chochote chini ya sindano. Nzilani alimpikia, akamwekea, akamwambia ale. Alikula kwa sababu aliambiwa. Kila Yonis alipopita aliulizwa, na kila mara alikuwa na jibu: mikono imemgeuza mgonjwa ubavu, mikono imemfukuzia nzi, mikono imemlisha uji kijiko kwa kijiko. Wifi yake Khadro, aliyekuwa amechoka kuuguza, alisema Mungu awabariki walioichelewesha hiyo karatasi, maana hajapata msaidizi kama huyo. Khadro alipoletewa maneno hayo alimkasirikia wifi yake, kisha akajikasirikia kwa kumkasirikia.

Jumatatu moja alikuwa akipunguza shati jeupe la mhudumu wa hoteli. Aliligeuza nje, akashona bega moja, akashona la pili, akalikunja. Ndipo alipoona kwamba shati lilikuwa safi. Akaligeuza tena na kutafuta kola yote. Kisha akatazama mikono yake. Vidole vilikuwa na rangi yake ya zamani, kila kimoja, hadi chini ya kucha.

Nzilani aliiona ile mikono kutoka kwenye meza yake. Alifunika mitumba kwa turubai, akamchukua Khadro nyumbani, akamkalisha kitandani akachemsha chai. Hakuna aliyeinywa.

Yonis alifika jioni, hajanawa vumbi la safari. Batulo alifariki alfajiri. Wanawake walioitwa kumwosha walikuta ameshaoshwa, maji bado yakichuruzika kitandani, na macho yamefumbwa. Juu ya kila kope palikuwa na alama ya gumba. Waliona hakuna kilichobaki ila kumvika sanda. Basi lilipoondoka mjini, wanaume walikuwa wameshaanza kuchimba.

Alhamisi Khadro alikwenda ofisini kama kawaida. Jina la baba mkwe wake lilipoitwa, alisimama.

Matheka alikuwa na furaha. Alifungua faili na kumgeuzia karatasi. Alama kumi zilikuwa zimekaa visandukuni, zimenyooka, nzuri kuliko alizowahi kuziona. Zilirudi zenyewe Jumatatu asubuhi, alisema, yeye alikuwa ndiyo kwanza anafungua ofisi. Akainua karatasi akainusa, akauliza ni manukato gani haya. Khadro akamwambia ni kafuri, wanayotumia kuoshea maiti. Matheka akairudisha karatasi mahali pake, taratibu. Akachukua muhuri, na kabla ya kuupiga akasoma kwa sauti, kama sheria ilivyomtaka, sababu ya kuomba kitambulisho: kumwona mama mgonjwa.

"Bado ni mgonjwa?"

"Hapana."

"Amepona?"

"Amefariki."

Matheka alivua miwani. Alimpa pole, na pole hiyo ilitoka moyoni, kwa maana alikaa muda bila kuita jina lingine ingawa benchi lilikuwa limejaa. Kisha akavaa miwani, akachora mstari juu ya sababu, akauweka muhuri kando. Faili imekamilika, akasema, ila sasa haina sababu. Khadro akamwambia anataka kwenda kulizuru kaburi.

"Kaburi halina haraka, mama," akasema Matheka. Alisema kwa huruma, kama mtu anayetoa habari njema.

Akampa karatasi mpya, ya kuanza ombi upya, na kibati cha wino. Khadro akabonyeza vidole vyake, kimoja kimoja, bila kusaidiwa, kwa kuwa alishaijua kazi hiyo. Wakazitazama pamoja kwa muda. Alama zilikaa pale pale zilipowekwa, hazikuwa tena na pa kwenda. Matheka akazipuliza zikauke, akamwambia arudi Alhamisi.