Moshi Ndani ya Maziwa ya Haradima

1.

Kitendawili.

(Wewe unayesoma, itika: tega.)

Nyumba nimejenga mimi, mlango nimetia mimi, ufunguo uko kwa mwenzangu.

Usijikune kichwa, jibu hili hapa. Ni kiwanda cha maziwa cha Haradima, Kaunti ya Galma. Kuta zilijengwa na serikali ya kaunti. Mashine zililetwa na serikali kuu. Maziwa ni ya akina mama mia moja na arobaini wa chama, na mwenyekiti wao ni Habona Dulu, mwenye ng'ombe kumi na mmoja, wajukuu tisa na goti moja bovu.

Na leseni ya kuuza?

Iko

Nairobi.


2.

IDARA KUU YA UBORA WA MAZIWA
Kwa: Serikali ya Kaunti ya Galma
YAH: OMBI LA LESENI, KIWANDA CHA HARADIMA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.
Sampuli yenu imechunguzwa. Matokeo: harufu ngeni (moshi). IMEKATALIWA.
Mnakumbushwa kwamba ufugaji umegatuliwa. Viwango vya ubora havikugatuliwa.
Leseni isipopatikana kufikia tarehe 30 Septemba, mashine zitahamishiwa eneo jingine lililo tayari.


3.

Habona aliisoma mwenyewe, kidole kikitangulia. Aliishia darasa la sita, lakini darasa la sita la zamani, la mwalimu mwenye fimbo, ambalo halimtoki mtu.

Alipofika kwenye neno "ngeni" akavua miwani.

Ngeni kwa nani?

Mama yake alikuwa akichukua kijiti cha mgunga chenye kaa jekundu, anakitia ndani ya kibuyu, anakitikisa, anaziba. Moshi unazunguka humo kama mtu anayetafuta pa kulala. Ndipo maziwa yanamiminwa. Maziwa ya kibuyu hicho huamkia kesho yakiwa mazima, kwa jua hilihili la Galma linalomchoma hata kenge. Asiyejua kufukiza kibuyu haolewi. Akiolewa, anarudishwa.


3 tena.

Barisa Godana, waziri wa mifugo wa kaunti, alifika kwa gari lenye bendera ndogo. Ni mtoto wa kaka yake Habona. Bendera aliiacha nje.

"Shangazi, wanataka maziwa yasiyo na moshi. Tuwape yasiyo na moshi. Osheni vibuyu."

"Kibuyu hakioshwi kwa sabuni, Barisa."

"Mara moja tu. Tupate karatasi, kisha mfukize mpaka mchoke."

"Wewe ulinyonyeshwa kweli, au ulikunywa chai tupu?"

"Shangazi, mimi ni waziri."

"Ndiyo. Na nilikutoa kamasi kwa kidole hiki."

Akacheka yeye, akacheka Barisa. Na kwa sababu walicheka, Habona akakubali. Hapo ndipo alipokosea, na alikuwa anajua.


4.

(Kipande hiki kimepelekwa Nairobi kuidhinishwa.)


5.

Vilivyotumika siku ya kuosha:

sabuni ya unga, mifuko mitatu
maji ya moto, sufuria kubwa kubwa
brashi za viatu, mpya
mikono ya wanawake arobaini
aibu

Vibuyu vikang'aa. Vikanuka kama duka. Maziwa yakamiminwa alfajiri, yakapanda gari, yakapigwa jua kwa saa nane njiani.

Kitendawili. Nikimwosha anaoza, nikimchoma anapona.

Nairobi haikukitegua. Iliandika:

Matokeo: uchachu. IMEKATALIWA.


6.

Yaliyosikika kisimani, wasemaji wakiwa wengi kwa mpigo:

"Kwanza yananuka. Sasa yamechacha. Mara ya tatu watasema ni meupe mno."

"Si tuliambiwa ugatuzi ndio huu, mambo yako mkononi mwako?"

"Mkono ni wako. Vidole viko Nairobi."

"Mimi jana nimemwaga lita kumi. Dalali kataka kunipa bei ya maji, nikaona heri ndama anywe."

"Na hizo mashine wakizichukua?"

"Wakizichukua..."


7.

Sauti ya kipaza sauti, uwanja wa Haradima, tarehe 14 Septemba. Anayesema ni mgeni mheshimiwa kutoka serikali kuu:

"Watu wa Galma oyee! Mimi nimesikia kilio chenu cha maziwa. Hiyo leseni ni kitu kidogo sana. Ni simu moja! Lakini niwaulize ndugu zangu: mtu atasaidiwaje na nyumba ambayo kila siku anaitupia mawe? Gavana wenu yuko upinzani. Njooni upande wetu, mtaona karatasi ikitembea yenyewe kwa miguu! Sasa naomba akina mama wa maziwa, waje hapa mbele, watuimbie, waseme tuko pamoja. Akina mama! ... Akina mama wako wapi?"

Akina mama walikuwa wameketi safu ya tatu, mia moja na arobaini, leso zimefungwa viunoni. Walimtazama Habona.

Habona alikuwa anamtazama mgeni, kwa upole, kama unavyomtazama mtoto wa jirani aliyekalia mkeka wako na viatu.

Hakuinuka.

Hakuinuka

mtu.


8.

Usiku uleule? Hapana, kesho yake, mchana kweupe, Barisa alirudi. Safari hii bila gari.

"Shangazi, umefanya vyema. Gavana amefurahi sana."

"Nashukuru. Basi ataenda Nairobi kututetea?"

Barisa akachokora mkeka.

"Anasema... tusikimbilie. Anasema acha wachukue mashine. Watu waone. Uchaguzi si mbali, na mlango uliofungwa unaongea kuliko mkutano."

Habona akaweka kikombe cha chai chini.

"Huyo wa Nairobi anataka tuimbe ndipo afungue. Huyu wa hapa anataka tulie ndipo achaguliwe. Na maziwa yanatakwa na nani?"

"Shangazi..."

"Kitendawili, Barisa."

"Tega."

"Mtoto ana mama wawili wenye maziwa, na bado amekonda."

Barisa alijua jibu. Alilijua tangu siku aliyokula kiapo.

"Basi niandikie anwani ya hiyo Idara," Habona akasema. "Kalamu ninayo."


9.

Barua, karatasi ya daftari la mistari, mwandiko wa kulala upande mmoja:

Kwa Mkubwa wa Idara.
Salamu nyingi. Sisi hatujambo, ng'ombe pia, ila mmoja anachechemea.
Mumepima maziwa yetu mara mbili na mara zote mbili mulikuwa hamuko. Ya kwanza yalikuwa yetu. Ya pili hayakuwa yetu, tulidanganya, tuliosha vibuyu kwa sabuni, na mimi ndiye niliyekubali. Naomba radhi. Sitarudia.
Sasa naomba kitu kimoja. Aje mtu wenu apime hapahapa, kwenye jua letu, kabla ya tarehe 30. Siombi kupendelewa. Siombi simu ya mheshimiwa. Naomba mtu mwenye kipimo chake na subira ya nusu siku.
Akija atalala kwangu. Kuna neti.
Habona Dulu, mwenyekiti.


10.

RIPOTI YA UKAGUZI
Mkaguzi: Nyaboke Ong'era
Mahali: Haradima. Tarehe: 29 Septemba.

Saa 1:00 asubuhi. Ng'ombe mmoja amekamuliwa mbele yangu. Maziwa yamegawanywa: kibuyu A kimeoshwa kwa maji ya moto, kibuyu B kimefukizwa kwa mgunga. Vyote vimewekwa juani.

Saa 3:00. Hakuna tofauti. Lori la kubeba mashine limewasili mapema, limeegeshwa nje ya uzio. Wanawake wameketi mbele ya mlango wa kiwanda. Hawapigi kelele. Wanasuka vifuniko vya vibuyu.

Saa 5:00. Joto nyuzi 38. A: uchachu umeanza. B: hakuna badiliko. Mwenyekiti ameniuliza kama nimekula. Nimesema niko kazini. Amesema hata ng'ombe yuko kazini na anakula.

Saa 7:00. A: imeganda, haifai. B: nzima. Kipimo nimekirudia mara tatu. Harufu: moshi, ipo. Ni harufu ya

Harufu ya jiko la nyumbani kwetu, kabla mama hajahamia

(Mstari wa juu ufutwe katika nakala rasmi.)

Maoni ya mkaguzi: Moshi si uchafu. Moshi ndio


11.

Nyaboke alifunga faili bila kumaliza sentensi.

"Nyanya, nisikudanganye. Nimeona kwa macho yangu. Lakini mimi sibadilishi kiwango. Kinabadilishwa na kamati, na kamati inakaa kesho saa tatu asubuhi. Nitawapelekea ripoti na hiki kibuyu B."

"Kamati ina watu wangapi?"

"Saba."

"Waliowahi kukamua?"

Nyaboke akatafakari kwa haki. "Nadhani hakuna."

"Na wakikuuliza kijiti kinatikiswa mara ngapi, utajibu nini?"

"Nitasema... mara kadhaa."

Wanawake mlangoni wakaangua kicheko, mpaka dereva wa lori naye akatabasamu, kisha akajikumbuka.

Habona akachukua mtandio wake. Akamwambia makamu wake, Dhadho, maneno matatu tu: "Msiinuke mpaka nirudi." Dhadho akajibu kwa kunyoosha miguu vizuri zaidi mbele ya mlango, na wenzake mia moja na thelathini na wanane wakanyoosha ya kwao.

Dereva wa Nyaboke alikuwa ameshafungua boneti, anaongeza maji. Aliporudi akamkuta Habona amekaa kiti cha nyuma, kibuyu B mapajani, goti bovu limenyooshwa.

"Nyanya, shuka taratibu. Hili ni gari la serikali."

"Serikali ipi, mwanangu?"

"Kuu."

"Ndiyo hiyo ninayoitaka."

Dereva akamtazama mkaguzi. Mkaguzi akatazama lori, akatazama saa, akatazama ile barabara ndefu nyeupe isiyo na lami. Kisha akazunguka, akafungua mlango wa nyuma upande wa pili, akaketi kando ya Habona na kumsaidia kushika kibuyu, kwa sababu njia ni mbaya na

"Twende," akasema.