Kabla ya Hasira

Phelista alikuwa na ulimi mkali kuliko kisu, na katika chuo cha Kitale alikosomea upishi, mwaka wa pili, hakuna asiyelijua hilo. Siku ya mtihani wa vitendo, yeye na mwenzake Jerono walipangiwa kupikia wageni kumi. Jerono akausahau wali motoni, ukashika chini, moshi ukajaa jiko zima.

"Wewe Jerono, hata maji unaweza kuunguza!" Phelista alifoka mbele ya darasa. "Ati unataka kuwa mpishi?"

Watu wakaangua kicheko. Jerono alivua aproni, akaikunja vizuri, akatoka. Kesho yake aliomba apewe mwenzake mwingine.

Mwalimu wao, Madam Rosaline, alimwita Phelista ofisini. Phelista alijiandaa kukaripiwa, kumbe aliulizwa swali moja tu.

"Kabla hujakasirika pale, ulisikia nini moyoni?"

"Si nilikasirika tu, Madam."

"Nimesema kabla. Nenda ukafikirie."

Phelista alitoka akinung'unika. Swali gani hilo? Hasira ni hasira.

Ijumaa alikwenda kwao Kabuchai. Gari liliharibika njiani, simu ikaisha moto, na badala ya kufika saa nane mchana akafika jua likizama. Baba yake, Mzee Jairus, alikuwa amesimama langoni.

"Unatoka wapi saa hii? Na simu umezima! Unafikiri sisi ni wajinga?"

Siku nyingine Phelista angemrudishia papo hapo, maana ulimi ule aliurithi kwake. Jibu lilikuwa limeshafika mdomoni. Ndipo akaona gambuti za baba, vile viatu vyake virefu vya mpira, zimejaa tope la barabarani hadi juu. Aliyeshinda nyumbani hapati tope la namna ile.

"Baba," alisema polepole, "kwani uliogopa?"

Mzee akageuka kutazama miwa ya jirani.

"Niliogopa," alisema mwishowe. "Nimefika stejini kuangalia magari mara tatu. Nilianza kufikiria mambo mabaya."

"Pole, baba. Gari liliharibika, simu nayo ikaisha moto."

"Haya. Mama yako amekuwekea ugali na mrenda." Akauchukua mkoba wa Phelista, akatangulia ndani.

Phelista alikuwa na tonge mkononi alipolipata jibu la Madam Rosaline. Siku ile jikoni alikuwa ameogopa. Aliogopa kufeli, aliogopa kurudi hapa nyumbani na aibu, na uoga huo akaurusha usoni kwa Jerono kabla hata hajaujua ni uoga.

Jumatatu alimkuta Jerono nje ya bweni akifua shuka.

"Jerono, nilikukosea. Niliogopa kufeli, nikakumwagia wewe uoga wangu mbele ya watu. Naomba unisamehe."

Jerono aliendelea kusugua. "Nimekusikia. Lakini iliniuma, bana. Mpaka leo kuna mtu ananiita Maji."

"Huyo nitaongea naye."

"Usiongee naye. Wewe ongea na mimi tu vizuri."

Akainua shuka kwa ncha moja. Phelista akashika ncha ya pili, wakalikamua.

Zilipita wiki mbili ndipo Jerono akarudi kwenye meza yao. Na siku hiyohiyo akazidisha chumvi kwenye mchuzi. Phelista aliuonja, akahisi joto likimpanda kifuani.

"Ngoja kidogo," alisema. "Naona nataka kukasirika."

Jerono alimkodolea macho. Phelista akaenda dirishani, akavuta pumzi, akatazama malori ya mahindi yakipita kuelekea mjini. Aliporudi, Jerono alikuwa ameshaongeza maji na amemwaga viazi mezani, vya kupunguza ile chumvi.

"Imepita?"

"Imepita. Nipe kisu tumenye."

Wakamenya, Jerono akicheka kichinichini, na Phelista naye akashindwa kujizuia.