Mboga za Baba Mkwe

Fundi wa suti alipofiwa na mkewe, alihamia kwa mwanawe na cherehani yake, meza ya kukatia na mfuko wa vidonge. Kifuani alikuwa na vali ya chuma ya moyo aliyowekewa hospitali, na nyumba ikitulia ungeisikia ikigonga.

"Saa yangu haitaki betri," alimwambia mke wa mwanawe siku ya kwanza, na tangu hapo wakaivana.

Mwanawe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, leo yupo, kesho hayupo. Nyumba ilikuwa mikononi mwa mkewe. Akaona mzee anaishi kwa chai na mkate, choo kinamsumbua, suruali inashikiliwa na mkanda tu. Mwanamke huyu alikuwa amemuuguza mama yake mzazi kwa saratani ya utumbo mpaka pumzi ya mwisho, na tangu hapo hakuwa na mzaha na chakula. Redioni alimsikia mtaalamu akisifia kabichi na jamii yake yote: zina nyuzinyuzi, zina vitamini kibao, na huenda zikapunguza hatari ya saratani. Akajiapiza kwamba huyu mzazi wa pili hatamponyoka.

Jiko likageuka. Kabichi aliikata nyembamba kama uzi, akaichanganya na karoti na ndimu bila kuipitisha motoni. Koliflawa aliiponda pamoja na viazi. Brokoli aliipa mvuke kidogo tu, ibaki na rangi yake. Na kila asubuhi, kabla ya chai, glasi ya sukuma wiki iliyosagwa na tangawizi.

"Mkwe, umenigeuza mbuzi," mzee alilalamika huku akiimaliza.

"Mbuzi haumwi tumbo, baba."

Kweli alinawiri. Tumbo likatulia, akawa anashona mchana kutwa. Siku ya miadi ya kupima damu ilipofika, alikuwa anamalizia suti ya bwana harusi, akasema ataenda wiki nyingine. Hakuna aliyembishia. Mtu mzima vile utambishia nini?

Asubuhi moja mkwewe alisikia cherehani ikikimbia bila kupumzika. Alipoingia alimkuta mzee ameegemea ukuta, mdomo umeenda upande, mkono wa kulia unaning'inia, mguu wa kushoto bado unakanyaga. Alimwita. Jibu lilitoka limeviringika, halishikiki.

Hospitali, bonge la damu lilikuwa limepanda kichwani. Daktari aliuliza mgonjwa anakula nini siku hizi. Mwanamke akaeleza kila kitu, hata ile glasi, kwa sauti ya mtu anayejua hakukosea. Daktari aliweka kalamu chini.

"Mboga hizi ni nzuri," alisema taratibu. "Lakini mzee anatumia dawa ya kuzuia damu isigande, na majani ya kijani yakizidi ghafla yanaipunguza nguvu. Sisemi aache. Ale kiasi kilekile kila wiki, nasi tupime damu tupange dozi. Hamkuambiwa?"

Hakuambiwa. Binti wa mzee, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisikia yote.

"Wifi, umemlisha baba mpaka umemwangusha."

Hakuongeza neno. Kuanzia siku hiyo alileta chakula chake mwenyewe kwenye hotipoti, akakaa kitandani pa baba yake mpaka kiishe. Mke wa ndugu yake alibaki kwenye benchi la nje. Nyumbani aliitupa kabichi yote, kisha akashindwa kupika hata wali.

Ulimi wa mzee ulipoanza kufunguka, aliomba waingie wote wawili.

"Niliambiwa," alisema, akivuta neno mojamoja. "Zamani. Mama yenu ndiye aliyekuwa akinikumbusha. Nilipoiona ile glasi nilikumbuka nusunusu."

"Sasa mbona ulinyamaza, baba?" mkwewe aliuliza.

"Ulikuwa unafurahi ukinipa. Na mimi tangu nifiwe, hakuna aliyekuwa akiniuliza nimekula nini." Alifumba macho. "Nilisema labda haidhuru."

Binti yake alikusanya vyombo, akatoka bila kumtazama mtu.

Mzee alirudi nyumbani, lakini mkasi haukurudi mkononi. Cherehani ikafunikwa shuka. Mkwewe alimpeleka kupima damu mwenyewe, akarudisha mboga mezani kidogokidogo, na kila mzee alipoinua kijiko alimtazama mdomo kama umenyooka. Hofu hiyo haikumwisha.

Siku moja wifi yake alifika na hotipoti, akasimama jikoni muda mrefu akimwangalia anavyokatakata majani.

"Nikimpikia mimi," alisema hatimaye, "nimwekee kiasi gani?"

Mwenzake alichota sukuma wiki ikajaa kiganja kimoja, akamwonyesha. Wifi alikunja mikono ya gauni, akanawa, akachukua kisu cha pili.