Sale Kwenye Kompyuta Namba Sita

Hii hutaiamini, na wala sikulaumu. Jani bichi kabisa lilitoka Ulaya likafika Moshi bila kunyauka hata ncha. Lilikaa wiki tatu mbele ya macho ya mzee aliyekuwa analisubiri kwa roho yake yote, na mzee hakuliona! Na aliyelificha, shika hapo, ni msichana aliyempenda huyo mzee kuliko wateja wake wote.

Mwaka ni 2004. Gladness ana miaka ishirini na mbili, anakaa Rau kwa shangazi yake, na kazi yake ni kuhudumia wateja kwenye internet kafe moja nyuma ya soko. Kompyuta nane, waya mmoja wa simu, spidi ya kobe mgonjwa. Unafungua ukurasa, unatoka kununua karanga, unarudi, unakuta umefika nusu.

Sasa Gladness alikuwa na kaugonjwa kake. Hawezi kuona kompyuta imekaa vile ilivyotoka kiwandani. Lazima aichokonoe. Waongoza watalii walikuwa wanapenda namba mbili, basi namba mbili ukiiwasha inakuletea hali ya hewa ya mlimani yenyewe, hutafuti. Mwalimu mmoja wa sekondari alikuwa anasahau kila siku kamusi yake iko ukurasa gani, Gladness akamwekea kitufe juu kabisa, kimeandikwa KAMUSI YA TICHA. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa anafungua menyu moja moja, anasoma, anajaribu, akiharibu anarudisha.

"Glady, utaua mashine za watu," Lucky, fundi wa pale, alikuwa haachi kumwambia.

"Kwani wewe ukinunua kiatu hukazi kamba? Unatembea nacho hivyo hivyo?"

"Mimi navaa ndala."

Basi siku moja mwezi wa tano akaingia mzee mrefu, mwembamba kama muwa, koti la suti, kofia mkononi. Akasimama katikati ya kafe kama mtu aliyeingia kanisani ibada imeshaanza.

"Shikamoo babu," Gladness akainuka.

"Marahaba mjukuu. Nimekuja kuchukua barua."

Lucky akaanza kucheka, Gladness akamkanyaga mguu.

Mzee aliitwa Sirili, mkulima wa Uru. Mtoto wake wa kiume, Primus, alikuwa Norwe mwaka wa nne. Alikuwa amepiga simu parokiani akamwachia baba yake ujumbe: nimekufungulia sanduku la barua kwenye mtandao, jina hili, namba ya siri hii. Mzee alikaa na kile kikaratasi miezi miwili mfukoni ndipo akashuka mjini.

Gladness akamfungulia, akavuta kiti, akaanza kumsomea. "Mpendwa baba, natumaini..."

"Ngoja." Mzee akainua mkono. "Nimekuwa karani wa kupima kahawa miaka ishirini na sita. Barua ya mwanangu nisomewe kama mtoto?"

Gladness aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka. Akaondoka. Akawa anamwangalia kwa mbali mzee anavyohangaika: herufi ndogo kama mchwa, matangazo yanarukaruka, mausi inamkimbia. Nusu saa ikaisha mzee hajamaliza barua moja, na bado akasema asante.

Ile ilimkaa rohoni. Kesho yake hakukuwa na wateja wengi, akajifungia na kompyuta namba sita, ile ya kona, ambayo mtu akikaa hakuna anayemchungulia. Akaweka alama katikati ya kioo: MZEE SIRILI. Ukiibonyeza mara moja tu, unaingia kwenye barua zako. Herufi akazikuza zikawa kama za mabango. Vitufe visivyo na kazi akaviondoa vyote. Kipanya kile akakipunguza mbio, kiende taratibu kama mwenyewe. Na mwisho, hili ndilo alilojivunia zaidi, akazima picha. Unajua ukizima picha mtandao unapumua! Ukurasa uliokuwa unachukua dakika tano sasa unafunguka ukihesabu mpaka ishirini.

Mzee aliporudi Jumanne akabonyeza jina lake, barua ikatokea, kubwa, nyeusi, imetulia. Alivua kofia tu akaiweka juu ya goti.

"Ila babu, utaona visanduku vitupu vina alama nyekundu kwenye kona," Gladness akamwelekeza. "Hivyo achana navyo. Ni matangazo tu."

"Matangazo ya nini?"

"Ya kupunguza unene."

Mzee akajitazama kuanzia tumboni hadi miguuni. "Basi hayanihusu."

Tangu hapo kila Jumanne yupo. Anakuja na parachichi mbili kwenye mfuko wa koti, moja ya Gladness, moja ya "yule wa ndala". Anasoma peke yake, anacheka peke yake. Mara anamwita, "Mjukuu, hivi theluji hiyo ya Primus inakaa mpaka mlangoni kwa mtu?" Gladness anamwambia sijui babu, wanacheka wote. Gladness hakuwahi kusoma hata mstari mmoja. Akipita namba sita alikuwa anageuza uso, makusudi.

Ya ndani ya nyumba alisimuliwa na mzee mwenyewe. Bei ya kahawa ilipoporomoka, mzee akiwa amelazwa hospitali, Primus aling'oa mibuni arobaini. Mibuni iliyopandwa na babu yake! Akapanda nyanya. Mzee aliporudi alisimama shambani hadi mkewe, mama Veronika, akaja kumshika mkono kumwingiza ndani. Primus aliondoka nchini baba na mwana hawasalimiani.

"Anaandika vizuri," mzee akasema. "Anauliza afya. Anauliza ng'ombe. Lakini hajaniletea sale."

Kama hutoki kwetu, nikueleze haraka. Sale ni ule mmea wa majani marefu tunaozungushia kihamba, shamba la ukoo, kuonyesha mipaka. Ukimkosea mtu, unakata jani lake, unalifunga fundo, unampelekea. Huna haja ya kuongea. Na uliyempelekea hawezi kukataa. Kukataa sale ni jambo la kutisha, mtu akilifanya hata watoto wake wanaona aibu kutajwa kwa jina lake.

"Sasa babu, Norwe sale atalitoa wapi?"

"Hilo la kwake."

Mwezi wa kumi na moja mzee akaandika jibu lake la kwanza na la pekee, kwa kidole kimoja, karibu saa nzima. Alipomaliza akamwonyesha Gladness ahakikishe limekwenda, kwa hiyo hilo Gladness aliliona: *Habari zako nimezisoma. Unajua kinachotakiwa. Maneno si kitu.*

Jumanne iliyofuata ilikuja barua tupu.

Tupu! Jina la Primus juu, chini hakuna neno. Mzee akaitazama, akaenda zake. Wiki ya pili, tupu. Wiki ya tatu, tupu tena. Parachichi zilikuwa bado zinakuja, ila kicheko hakuna.

"Jumamosi ukoo unakaa kwangu," mzee akasema akiwa mlangoni anavaa kofia. "Sehemu ya Primus ya kihamba nampa mtoto wa ndugu yangu. Mtu anayemtumia baba yake barua tupu mara tatu, amesema alichosema."

"Babu, labda mtandao..."

"Mtandao haukosei mara tatu, mjukuu. Wewe mwenyewe uliniambia hii mashine umeitengeneza vizuri."

Ijumaa mchana Lucky akamwambia Gladness, "Nimewasha picha kwenye namba sita. Nilikuwa naangalia picha za mpira. Wachezaji wote walikuwa visanduku bwana, sijui nani golikipa!"

"Kwa nini usikae namba tatu? Ile ni ya mzee!"

Akaenda kuzima. Kabla hajazima akabonyeza alama ya mzee ili aone kama kuna kilichoharibika. Zikatokea barua zote zimepangwa, na juu kabisa kuna mpya haijafunguliwa. Kichwa chake kilikuwa maneno matatu: *Baba, hata sale?*

Gladness alisoma mara mbili. Ile mpya hakuigusa, haikuwa yake. Akafungua moja ya zile tupu.

Na unajua mtandao wa siku zile, picha haiji yote. Inashuka kama pazia, mstari kwa mstari. Kwanza kikaja kioo cha dirisha. Nje ya dirisha weupe mtupu, theluji. Gladness anasubiri. Ikaja ncha ya kijani. Ikaja kijani zaidi, mmea mzima kwenye chungu, sebuleni kwa watu, umewekwa kama pambo! Halafu jani moja limeinamishwa limefungwa fundo, na mkono wa mwanaume umelishika chini yake, kama anavyoshika mtu anayempa mkubwa wake kitu, mkono wa pili umegusa kiwiko.

Kile kisanduku chenye alama nyekundu. Achana navyo babu, ni matangazo tu.

"Glady? Unalia nini?" Lucky akaja mbio.

"Nimeficha sale la mtu."

"Umeficha nini?"

Alienda studio ya picha kuprinti kwa rangi, karatasi nzima, na usiku ule hakulala. Angeweza kunyamaza. Jumanne angewasha picha tu, mzee akaliona mwenyewe, hakuna ambaye angejua. Lakini Jumanne ukoo ungekuwa umeshakaa, na kihamba kikishatolewa mbele ya ukoo hakirudi.

Jumamosi asubuhi akapanda pikapu ya Uru. Alipofika wazee walikuwa wameshakaa kwa duara, mbege, pombe yetu ya ndizi, inazunguka, mama Veronika na wanawake wenzake wanamenya ndizi pembeni. Gladness akapiga goti, akaamkia wote.

"Huyu ni wa nani?" akauliza Antoni, mdogo wake mzee Sirili. Ni mwanawe ndiye aliyekuwa anapewa sehemu ile.

"Ni mjukuu wangu wa kompyuta," mzee akasema. "Kuna nini mama?"

Gladness akamkabidhi karatasi kwa mikono miwili. "Primus alileta sale, babu. Mara tatu. Ni mimi niliyezima picha ili usicheleweshwe. Ni mimi niliyekuambia visanduku ni matangazo. Nisamehe."

Hata visu vya ndizi vilinyamaza.

Antoni akachungulia, akacheka. "Sale la karatasi! Kesho mtaleta na mbuzi wa karatasi, tuchinje kwa mkasi! Kaka, sale halipiti kwenye waya."

Mzee Sirili hakumsikia, au alijifanya. Alikuwa ameisogeza ile picha karibu na uso. Alikuwa haangalii jani. Alikuwa anaangalia mkono.

"Veronika," akaita taratibu. "Njoo uone. Amekonda."

Mama Veronika akaja akifuta utomvu wa ndizi kwenye kanga. Akaiona picha, akakaa chini palepale kwenye nyasi. "Mkono wake huo. Mwanangu. Na ameshika kiwiko, hajasahau."

"Kaka, hicho chungu ni cha nani?" Antoni bado yumo. "Sale la kwenye chungu cha mzungu!"

"Antoni, tulikuwa tunapelekeana sale kwa mkono wa jirani," mzee akasema. "Jirani hakuwa mkosaji, alikuwa njia. Leo njia ni waya. Limefika." Akaikunja ile karatasi, akaiingiza mfuko wa ndani wa koti. "Kikao cha kihamba hakuna. Kunyweni mbege."

Alimsindikiza Gladness mpaka kwenye mfereji. Gladness akamwambia kuhusu ile barua mpya, kichwa chake tu. Mzee akafumba macho. *Baba, hata sale?* Mtoto alikuwa anaamini baba yake amelikataa. Wiki tatu nzima.

"Ukifika mjini mwandikie kwa jina langu," akasema. "Nimelipokea. Aje nyumbani. Basi."

"Na nitamweleza ni kosa langu, kwamba hukuliona."

"Hapana. Hilo usiandike."

"Lakini babu, atafikiri ulikataa!"

"Acha afikiri nilikataa, halafu nikalainika. Wewe ukijisema, atamlalamikia bosi wako, utaondolewa kazini." Akagusa mfuko wa koti penye picha. "Halafu mjukuu, hasira nilikuwa nayo kweli. Usije ukaniosha kwa kosa lako. Mimi ni baba yake, atanisamehe. Aika, asante mjukuu. Nenda."

Saa kumi jioni Gladness alikuwa amekaa namba sita. Akaandika neno kwa neno alivyotumwa: *Nimelipokea. Aje nyumbani.* Hilo la mwisho akalifuta, akaweka *Njoo nyumbani.* Akatuma. Alikuwa amemaliza kazi aliyopewa na mtu mzima. Angeweza kuinuka.

Hakuinuka. Aliwaza kijana kule kwenye theluji anakwenda uzeeni akijua kwamba baba yake aliwahi kulitazama sale lake, mara tatu, akanyamaza. Akawaza pia ule uso wa mzee kwenye mfereji, alivyomwomba. Kisha akafungua sanduku lake mwenyewe la barua, akaandika jina lake kamili, akaandika yote: herufi kubwa, visanduku, picha. Akamalizia, *Baba yako hakulikataa hata siku moja. Na hajui kama nimekuandikia.*

Akabonyeza tuma, akainuka haraka kama mtu aliyeiba.

Mzee aliyemkinga, Gladness amemgeuka. Au amemsaidia? Haya, niambie wewe unayesoma hapo: ungekuwa kwenye kiti kile cha namba sita, ungefanyaje?