Pafu la Kushoto

Shangazi Salme alikuwa na dawa moja ya uvivu: miguu. Kila Jumamosi alimtuma Lamya kwa miguu kutoka Chemchem mpaka shambani kwao Kwihara, na binti huyo wa miaka kumi na miwili alifika midomo imempauka, hawezi kuitikia hata salamu. Kifua chake kilibonyea upande wa kushoto, na mgongo ulipinda tangu utotoni. Mama yake alikuwa amefariki, akamwachia shangazi malezi yake na ya mdogo wake, Jihan.

“Anajilegeza,” Salme alimwambia kaka yake Azhar, baba wa watoto hao. “Mbona kula anakula?”

Azhar alikuwa na duka la vitambaa mjini, na mambo ya nyumbani alimwachia dada yake. Lakini Lamya alipoanguka darasani, mwalimu mkuu alisema asirudi mpaka apimwe. Hospitali ya Tabora ikawaelekeza Dodoma. Azhar na Lamya wakapanda treni, Salme naye akifuatana nao ili awepo uongo utakapofichuka.

Aliyeitamani safari hiyo kuliko wote ni Lamya. Alikuwa ameambiwa anajifanya kwa muda mrefu kiasi kwamba yeye mwenyewe hakuwa na uhakika tena.

“Picha za kawaida zinaonyesha kifua kimetulia,” daktari Elieth alimweleza. “Mashine hii ya sumaku itakuchukua kama sinema, tuone mapafu yanavyocheza. Hakuna sindano. Wewe lala tu, upumue.”

Ndani ya lile tundu mashine iligonga kama mafundi wanaoezeka bati. Sauti ikamwambia avute pumzi, atoe, avute tena. Lamya alivuta kwa nguvu zake zote, huku akimwomba Mungu aonekane mgonjwa.

Kwenye kioo cha kompyuta pafu la kulia lilijaa na kusinyaa. La kushoto lilitikisika kidogo tu, limebanwa na mbavu.

“Mtoto huyu hajifanyi,” alisema Elieth. “Anapumua kwa pafu moja. Afanyiwe upasuaji kabla mifupa haijakomaa. Na msimchoshe.”

Lamya alilia kwa furaha. Akageuka kumtazama shangazi yake, akitarajia japo neno moja. Salme alikuwa ameinua simu, anarekodi kile kioo.

Waliporudi, safari za Kwihara zilikoma. Shule nayo ikakoma.

“Daktari kasema usichoke,” Azhar alisema bila kumtazama. “Nafasi ya bweni niliyokuwekea ataichukua Jihan.”

“Na upasuaji, baba?”

“Kifua kikishachanwa, nani atakuposa? Kaa, umsaidie shangazi yako.”

Wageni walipokuja, Salme aliwaonyesha ile video. “Tazameni, huku kumekufa,” alisema, akigonga kioo cha simu kwa ukucha. Kisha akamwita Lamya, aliyekuwa ameshika sinia la kahawa. “Hebu vuta pumzi, waone.”

Lamya akavuta. Mgeni mmoja alinyoosha kidole, akakiingiza kwenye lile bonyeo juu ya gauni, taratibu, kama anayepima unga kama umeumuka.

Siku iliyofuata shangazi akiwa anaoga, Lamya aliifuta video. Salme alipogundua hakumpiga. Alicheka, akaichukua tena kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, ambako jamaa wa Urambo mpaka Muscat walikwisha kuitazama.

Mwezi uliofuata daktari Elieth alipiga simu. Azhar aliipokea ukumbini, na Lamya akaacha kuosha vikombe ili asikie.

“Alhamdulillahi, daktari,” baba yake alisema. “Tumempeleka kwingine, ameshatibiwa. Usijisumbue kupiga tena.”

Akakata simu, akaomba kahawa. Lamya akampelekea.