Jina la Mbaraka Katika Daftari la Meli

Mniko alikuwa hajamaliza mwezi kaburini jirani yake Heche alipokuja kusimama kwenye mpaka wa shamba la ulezi pale Kisaka. Bhoke, mjane wa Mniko, alimtolea kigoda. Heche hakukaa, na Bhoke akajua kuwa hapakuwa na heri, maana mtu mwenye neno jema hukaa.

Alisema kwa ufupi kwamba ardhi ile ni ya ukoo wake na mavuno yakiisha ataichukua. Babu yake alifuata msafara wa pembe za ndovu mpaka Mombasa, na huko nahodha wa meli akamuuzia mtumwa. Mtumwa huyo ndiye Mbaraka, baba yake Mniko. Aliletwa Kisaka akapewa kipande cha kumlimia bwana wake, wala hakikuwa chake. Kama kuna anayebisha, Heche alisema, akumbuke ile mikono ya mzee, yenye makovu ya moto toka kiganjani mpaka kiwiko. Ile ilikuwa chapa ya mtumwa.

Bhoke alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu wa kumkatiza mwenzake, hata anapotukanwa.

"Shemeji," alisema, "Mbaraka nimemkanda mikono hiyo kwa maji ya moto miaka kumi na miwili. Aliniambia alikuja kwa meli. Hakuniambia kwamba aliuzwa."

"Nani anayetangaza kwamba aliuzwa?" Heche akacheka. "Mtemi atatusikiliza ulezi ukishaingia ghalani. Lete shahidi, mama Werema. Ila shahidi wako amezikwa."

Jioni ile Wegesa, mke wa Werema, alipika uji akaukoroga mpaka ukapoa, kwa kuwa alijua mama mkwe wake hanywi cha moto akiwa na majonzi. Werema mwenyewe alikuwa mbali, kwenye machimbo ya dhahabu. Wanawake wale wawili walikaa jikoni, na Bhoke akasema kwamba kama meli ilimleta Mbaraka, basi meli nayo ina watu wake, na wazungu hawaachi kitu bila kukiandika.

Nyamisangura, pale Tarime mjini, alikaa mtu mmoja jina lake Joram. Alikuwa karani wa kampuni ya meli Mombasa kwa miaka mingi, mpaka kasha lilipomwangukia mguuni akarudi kwao kufungua duka dogo la chumvi na sabuni. Bhoke na Wegesa walimwendea kwa miguu, wakavuka Mto Mara, wakalala njiani kwa watu wasiowajua ambao waliwapa ngozi ya kulalia bila kuwauliza ukoo wao. Bhoke aliikumbuka ngozi ile kwa muda mrefu.

Joram aliwapokea kwa shikamoo, akafunga duka mchana kweupe ili asikilize. Alisema rafiki yake bado anatunza stoo ya karatasi za zamani kule bandarini, vitabu vimepangwa mpaka darini. Lakini ili atafute alihitaji vitu viwili: jina la meli na mwaka.

Jina la meli Bhoke hakulijua. Joram akamuuliza kama mzee hakuwa na maneno ya kigeni aliyozoea kuyasema. Hapo Wegesa akasema kwa aibu kwamba lipo jina la ng'ombe. Ng'ombe wa kwanza wa Mbaraka, jike jeusi lenye mluzi wa ajabu puani likipanda mlima, aliliita Karolina. Mpaka leo ndama mweusi wa uzao wake akizaliwa zizini huitwa Karolina, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Joram akaliandika. "Hakuna Mkurya anayempa ng'ombe jina la bure," alisema.

Mwaka nao Bhoke aliutoa kwa njia anayoijua. Mbaraka alifika Kisaka wakati vijana wa rika fulani wamo jandoni, na jina la rika lile alilikumbuka. Akaanza na vijana waliotahiriwa mwaka uliopita, akarudi nyuma akitaja rika baada ya rika, Joram akichora kijiti kimoja, mwaka mmoja, kwa kila jina. Vijiti vikafika arobaini na sita. Joram akahesabu kurudi nyuma tangu mwaka ule uliopita, 1954, akapata 1909. Barua ikaenda.

Jibu lilikuja baada ya wiki tano. Rafiki wa Joram aliandika kwa adabu kwamba Karolina ni meli ya kweli, ilibeba kopra na karafuu, lakini mwaka 1909 haikutia nanga Mombasa wala popote. Ilikuwa imekwisha kuvunjwa ikauzwa vyuma.

Habari ilimfikia Heche, sijui kwa mdomo wa nani. Akapita kisimani akisema kwa sauti kwamba mama Werema ameleta shahidi ambaye ni chuma chakavu. Watu wakacheka. Nyangi, mke wa Heche, hakucheka. Alimtwika Bhoke mtungi wake, akaushikilia mpaka ulipotulia kichwani, kisha akaenda zake.

Ulezi ulikuwa umeanza kukomaa. Siku moja wakifukuza ndege shambani, Wegesa alilalamika kwamba mdogo wake wa kwao hatatahiriwa mwaka huu. Wazee wamekataa. Miaka sita ya jando imepita mfululizo, huu ni wa saba, na saba ni hesabu ya mkosi. Mwaka wa saba huachwa upite mtupu.

Bhoke alishusha fimbo ya kufukuzia ndege.

"Wegesa, mwaka huu utaitwaje?"

"Utaitwaje mama, wakati hauna rika?"

Mwaka usio na rika hauna jina, na kisicho na jina hakuna anayekitaja. Bhoke alikuwa ametaja marika yote bila kukosea hata moja, lakini miaka iliyokaa kimya katikati yao hakuitaja. Akakaa chini palepale, akapanga punje za ulezi sita sita, na kila sita zikitimia akaweka kijiwe, mpaka punje zikawa arobaini na sita. Vijiwe vikawa saba. Kesho yake walikuwa njiani tena kwenda Nyamisangura.

Joram alijipiga paji la uso. Miaka ya Mombasa, alisema, ilikuwa imemsahaulisha kwao. Akatoa saba katika 1909, akaandika 1902, na stempu ya barua ile alikataa kulipwa.

Safari hii jibu lilikuja nene. Rafiki yake alikuwa amenakili ukurasa mzima wa orodha ya mabaharia wa Karolina, mwezi wa sita 1902. Joram alisoma kwa sauti, taratibu. Mbaraka bin Msa, Mngazija, umri miaka ishirini na miwili. Alipanda Moroni. Kazi, mtia makaa kwenye tanuri. Mkataba ameutia dole gumba. Meli ilipita Unguja, ikapita Tanga, ikafika Mombasa.

"Tanuri," Bhoke alisema, akajishika mikono yake mwenyewe, toka kiganjani mpaka kiwiko.

Kisha Joram akashusha sauti, kama mtu anayesoma habari ya aibu ya mzazi wake. Mwisho wa mstari palikuwa na maneno ya nahodha mwenyewe: Hakurudi melini. Ametafutwa siku mbili. Ametoroka. Ameacha blanketi na sahani ya bati.

Wegesa alitazama chini. Bhoke ndiye aliyecheka, akacheka mpaka akapangusa macho kwa ncha ya khanga.

Siku ya baraza watu walijaa. Heche alisema maneno yake yaleyale, ya msafara, ya nahodha, ya chapa. Joram, aliyekuja na mguu wake mbovu toka Tarime, alisoma ukurasa wote, na alipofika kwenye lile neno la mwisho Heche akasimama.

"Mmesikia? Mtoro! Mtu aliyevunja mkataba. Huyo ndiye wa kurithiwa ardhi?"

Bhoke aliinuka. Alimwamkia mtemi, akawaamkia wazee, kisha akamgeukia Heche.

"Shemeji, wewe umesema nahodha alimuuza. Nahodha anasema alimtafuta siku mbili asimwone. Mtu huuzaje asichokiona?"

Baraza likaguna. Mzee mmoja akatema mate pembeni kuficha kicheko. Heche alisema labda alikuwa nahodha mwingine, labda meli nyingine, na kila labda ilipotoka sauti yake ilipungua.

Mtemi alinong'ona na wazee, halafu akaamua. Mbaraka hakununuliwa na mtu. Alipewa ardhi kama mgeni aliyepokelewa, akailima miaka hamsini, na shamba ni la watoto wa Mniko. Heche asikanyage tena mpaka ule. Karani wa baraza akaanza kuandika. Mtemi, ambaye alikuwa mtu mwenye huruma, akamwambia Bhoke kwa upole kwamba wataandika tu kuwa mzee alikuja kwa meli. Hilo neno lingine la kutoroka waliache, lisije likawachafua wajukuu.

"Ahsante, mtemi," Bhoke alisema. "Umenifikiria. Lakini liandikwe."

"Mama, ni neno zito."

"Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mikono imeungua, hajui mtu hata mmoja nchi hii. Akaliacha blanketi lake akashuka. Wajukuu zangu wakiambiwa tena kwamba babu yao alifungwa kamba akaletwa, wafungue kitabu hiki wasome. Andika ametoroka."

Karani alimtazama mtemi. Mtemi alimtazama Bhoke, ambaye hakuonyesha dalili ya kukaa.

"Andika," mtemi akasema.

Bhoke alisogea mezani. Kusoma alijua kidogo, herufi moja moja, kama alivyofundishwa na watu wa misheni. Aliifuata kalamu ya karani mpaka neno lilipokwisha, ndipo akarudi kukaa.